Mkanda Haukunigonga

Nimemaliza kazi msimu huu. Miaka thelathini na minne kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na ninyi vijana wa zamu mkaniambia, "Mzee Mkanda, tuandikie kidogo, usiondoke na vitu vyote kichwani." Haya. Nilisoma kijijini kwetu Shishiyu mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko wachungaji. Mkikuta herufi imekaa vibaya, iacheni ikae. Mashine nilizijua bila cheti, na wenye vyeti walikuja kuniuliza.

Nilipandishwa lini na nililipwa nini, hayo siandiki. Naandika habari ya tumbo langu na uongo nilioujenga juu yake. Mnaoniita Mzee Mkanda mnaijua hadithi ya jina hilo. Si ya kweli, na imemgharimu mwanangu Kabula sehemu ya utumbo wake. Wengine mlinisikia nikisema siku ya kuagwa. Wengine hamkuwepo. Ndiyo maana naweka kwenye karatasi.

Siku ya kwanza niliingia kiwandani na kandambili. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu wa Migato, mfupi, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Akaangalia miguu yangu, akasema, "Ngosha, hizo ni za kuendea kuoga." Akanipa buti zake za zamani, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Nilizivaa msimu mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza beringi kwa bisibisi ndefu: ncha unaigusisha kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, na mashine inakuambia yenyewe inaumwa wapi. Hakuniambia "vizuri" hata siku moja. Akikuachia spana yake na kuondoka, ujue umefaulu.

Sheria kubwa ilikuwa moto. Pamba haiungui kama nyasi. Cheche inaingia ndani ya robota, ule mzigo wa pamba iliyoshindiliwa, inakaa siku mbili ikila kimyakimya, na siku ya tatu ndiyo unaona moshi. Kwa hiyo askari wa getini alipekua kila mtu, na kiberiti kilikuwa kimoja tu, kimewekwa kwenye kopo nje ya ukuta, nyuma ya vyoo. Mvutaji alikuwa na ruhusa ya kutoka dakika kumi, mara mbili kwa zamu. Asiyevuta hakuwa na sababu ya kutoka. Hakuna mahali ilipoandikwa, ila ilikuwa hivyo, na nasikia mpaka leo iko hivyo.

Mwezi wa kwanza nilibaki ndani na vumbi. Pamba mpaka kwenye kope. Mzee Ng'wandu akaniuliza, "Wewe ni mlokole?"

"Hapana, mzee."

"Sasa unapumzikia nini?"

Nikajifunza kuvuta. Sikuipenda sigara. Nilitaka kukaa chini. Nilivuta ili nipate dakika kumi za kunyoosha mgongo, na baadaye sigara ikanishika, ikawa inanitoa nje yenyewe.

Pale ukutani ndipo watu walipoonyeshana makovu. Huyu kaungua na bomba, yule kang'atwa na gia. Mzee Ng'wandu alikuwa akivinyoosha vile vidole vitatu na kusema, "Viwili nimeiachia kampuni." Watu wanacheka, wanamheshimu. Kuumizwa na mashine kulikuwa heshima. Kuumwa tu, bila kuumizwa, hakukuwa na heshima yoyote. Ukisema una homa unaulizwa, "Mimba ya miezi mingapi?" Nilikulia kazini hivyo, na baadaye nikawafundisha wengine hivyohivyo.

Tumbo lilianza nikiwa na miaka thelathini na kitu. Mzee Ng'wandu alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, nami nimeshika nafasi yake. Lilianza upande wa kulia, chini, kama mtu ananikaba kwa ndani. Nikila makande, baada ya saa mbili najikunja. Nikila michembe, viazi vile vya kukaushwa, hivyohivyo. Kuharisha mara sita, mara nane. Mara nyingine damu. Jioni homa ndogo. Nikakonda mpaka suruali nikaifunga kwa kamba ya marobota.

Masunga, aliyekuwa kwenye mashine ya kufunga marobota, akaanza mdomo wake: "Mzee, umeoa choo? Maana hata kwa mama Kabula huendi mara nyingi hivyo."

"Nimeoa," nikamwambia, "na mahari nimeshatoa."

Wote wakacheka. Mimi nikaenda chooni tena.

Nilifanya kama kila mtu wa hapa anavyofanya. Nilikwenda duka la dawa, nikasema "tumbo", nikapewa dawa ya amiba. Haikusaidia, nikapewa ya taifodi. Ikarudi, nikapewa tena. Kwa mgongo na viungo nilikuwa natafuna diklofenaki kama karanga, maana vilikuwa vinauma pia, na sikujua kwamba ni ugonjwa uleule unaotembea. Nilikwenda hata kwa mganga, akasema kuna mtu kazini ananionea wivu. Hilo nililiamini haraka, kwa sababu lilikuwa linanisifu.

Halafu ikaja siku yenyewe. Ilikuwa katikati ya msimu, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, mashine namba tatu inatetemeka. Nikapanda kuisikiliza. Maumivu yakanipata hapo juu, makali, tumbo limejaa kama ngoma, siwezi kutapika wala kupumua. Nikaanguka. Nilipoanguka mguu wangu ukapiga kipande cha ubao, ubao ukaenda kwenye puli, mkanda ukaruka. Mlio wake mnaujua. Watu walipofika walinikuta nimelala chini, nimeshika tumbo, na mkanda uko pembeni yangu bado unajipinda.

"Mkanda umempiga!" Masunga akapiga kelele. "Mkanda umempiga Mzee tumboni!"

Mimi sikusema hivyo. Nilikuta uongo umeshatandikwa kama kitanda, nikalala.

Nilipelekwa Mwanza. Utumbo ulikuwa umeziba kwa makovu ya miaka, wakakata kipande na kuunganisha. Siku ya sita akaja daktari mmoja mwembamba, akaniwekea mpira wake wa kusikilizia tumboni, akafumba macho. Nilimwelewa mara moja huyo mtu. Ndivyo nilivyosikiliza beringi.

Akaniambia ugonjwa unaitwa Crohn. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi. Akasema askari wa mwili, wale wa kupigana na vijidudu, wanaugeukia utumbo wenyewe na kuuchoma, unavimba, unafanya vidonda, unapona kwa kovu, unavimba tena. Hauambukizwi. Haurogwi. Hautoki kwenye ugali wala kwenye maji ya kisima. Hauponi kabisa, ila unatulizwa kwa dawa. Nikamuuliza umetoka wapi. Akasema hakuna anayejua kwa hakika, ila kuna vitu vinavyomsogeza mtu karibu nao.

"Unavuta?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

Nikamwambia. Akasema sigara inauongezea ugonjwa huu nguvu kuliko kitu kingine chochote nilichonacho mkononi mwangu, na nikiendelea atanikata tena. Akaniuliza dawa za maumivu. Nikasema diklofenaki. Akatikisa kichwa: zile zinaweza kuuamsha. Akasema hata kumeza dawa za vijidudu ovyoovyo kunadhaniwa kuchangia. Halafu akauliza ndugu zangu. Nikasema shangazi yangu alikufa kwa tumbo, akiwa amekonda, wakasema amelogwa. Akaandika.

Mwisho akasema, "Watoto wako uwaambie. Wengi wa watoto wa wagonjwa hawaupati. Lakini wako karibu nao kuliko mtoto wa jirani. Mmoja akianza kuharisha na kukonda, aseme mapema kwamba baba anao."

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Niliporudi kazini baada ya miezi miwili, walinipokea getini kwa vigelegele. Mzee Mkanda! Mtu aliyepigwa na mkanda akanyanyuka! Pale ukutani nilipandisha shati, wakaangalia kovu kutoka kitovuni kwenda chini, Masunga akatoa kofia. Mngekuwa ninyi mngesema, "Hapana, jamani, mimi naharisha tu"? Labda mngesema. Mimi nilikubali jina, na nikakubali sigara niliyopewa siku hiyohiyo.

Nyumbani mama Kabula aliniuliza mara moja tu. Alikuwa ananikanda mgongo. "Baba Kabula, huo mkanda ulipiga wapi? Mimi naona alama ya kisu tu."

"Ulipiga kwa ndani."

Yule mwanamke si mjinga. Aliniachia uongo wangu niubebe mwenyewe. Na watoto wakakua wanausimulia shuleni.

Miaka minne baadaye nilikatwa mara ya pili, kama daktari alivyosema. Kiwandani nikasema ni jeraha la zamani la mkanda limejitonesha. Baada ya hapo ndipo nilipoacha sigara, kwa shida, nikawa naenda ukutani na kukaa bila kuvuta, wakinicheka. Dawa zangu nilizificha kwenye kopo la grisi kabatini kwa mafundi. Nilijifunza kula wali laini, uji, viazi vilivyopondwa, sangara aliyechemshwa. Nilijifunza kutofautisha siku ya tumbo baya na siku ya tumbo baya sana. Na nilijifunza kujua choo kiko wapi kabla sijajua mlango wa kutokea uko wapi. Niliendesha zamu hivyo misimu kumi na zaidi na hakuna mashine iliyonishinda. Hilo najivunia, sifichi.

Sasa Kabula. Huyu ni binti yangu wa kwanza. Aliolewa Mwamanyili, akawa anafanya biashara ya dagaa Lamadi, mwanamke mwenye sauti, anayebishana na wavuvi mpaka wanapunguza bei. Alipofika miaka ishirini na sita akaanza kukonda. Kuharisha, homa za jioni, maumivu upande wa kulia. Mama mkwe wake akaanza kumsemea vibaya mtaani. Alipimwa virusi mara tatu, mara tatu hana. Alimeza dawa zote nilizozimeza mimi, kwa mpangilio uleule. Mimi nilijua. Nilijua siku ya kwanza alipoingia uani kwangu akanisalimia "Mwadila, baba", nikaona mkono wake umeshika tumbo pale ninapolishika mimi.

Tulimpeleka hospitali, mimi na mama yake. Daktari wa pale alikuwa kijana, mpole, anauliza vizuri. Akauliza, "Kwenu kuna mtu mwenye tumbo la namna hii? Baba, mama, ndugu?"

Kabula akajibu kabla yangu. "Hakuna. Baba huyu hapa alikatwa tumbo, lakini yeye aligongwa na mkanda wa mashine kazini."

Daktari akanigeukia. "Ndivyo, mzee?"

Mama Kabula alikuwa ananiangalia. Alisubiri.

"Ndivyo," nikasema.

Msiniulize kwa nini. Uongo ulikuwa na miaka kumi na sita, umeota mizizi, umekuwa jina langu. Nilisema moyoni kwamba labda lake ni jingine, labda kweli ni amiba.

Kwa yale waliyoyasikia, madaktari walidhani ni kifua kikuu cha utumbo. Siwalaumu. Magonjwa haya mawili yanafanana sana, na hapa kwetu kifua kikuu ndicho cha kawaida. Akaanzishiwa dawa. Miezi minane. Kila mwezi anarudi kwangu amepungua, na kila mwezi najiambia mwezi ujao nitasema.

Mwezi wa tisa utumbo ulitoboka. Walimpeleka Mwanza akiwa hajitambui. Daktari wa upasuaji alitoka kutuona, nguo zake zimelowa jasho, akasema hiki hakionekani kuwa kifua kikuu. Utumbo umeshikana, umevimba vipande vipande, katikati mzima, kisha umeharibika tena. "Nadhani ni Crohn," akasema. "Kwenu hakuna mtu?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe una nini?"

"Nina huohuo. Karatasi ninayo nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu yeye akiwa darasa la tano."

"Na alipoulizwa mara ya kwanza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akafunga faili. Hakunitukana. Alisema tu kwamba hata wangejua labda wasingeuokoa utumbo wote, lakini wangeangalia mapema. Nilimwomba arudie neno "labda". Hakurudia.

Kabula alizinduka siku ya pili. Ana mfuko ubavuni, choo kinatokea hapo. Wakati huo hatukujua kama ni wa muda au wa kudumu. Nilikaa kwenye stuli.

"Baba."

"Naam, ng'wana wane, mwanangu."

"Daktari ananiambia una ugonjwa kama wangu."

"Ndiyo."

"Siku ile ulikuwa umekaa pembeni yangu."

"Nilikuwepo."

"Miezi minane, baba. Nameza vidonge konzi nzima, nakojoa mkojo mwekundu, natapika mpaka nyongo, na wewe unakuja na machungwa." Akasubiri kupata pumzi. "Machungwa, baba."

Akageuza uso. Mama yake akaniambia nitoke nje kidogo, na hiyo kidogo ikawa mpaka siku ya kuruhusiwa. Mume wake hakuja. Mizigo ya Kabula ililetwa kwangu Bariadi kwa pikipiki, imefungwa kwenye viroba viwili, na kijiko chake kimoja kilikuwa kimedondoka njiani, mwenye pikipiki akaomba radhi kwa hicho kijiko.

Nilikusanya watoto wengine watatu nikawaambia. Nikawaambia na ndugu zangu wa Shishiyu. Mmoja akasema, "Kwa hiyo hukugongwa?" Hilo ndilo lililomsikitisha.

Halafu ikaja siku yangu ya kuagwa. Viti vya plastiki, soda, keki yenye spana ya sukari. Meneja akasoma karatasi: "Huyu ndiye mtu aliyegongwa na mkanda wa mashine namba tatu, akarudi kazini baada ya miezi miwili! Vijana, huo ndio uchapakazi!" Makofi. Ninyi mlipiga kwa nguvu, nikawaona. Wengine mlikuwa mnanukia sigara mliyotoka kuvuta nyuma ya vyoo.

Niliposimama nilisema maneno machache. Nilisema mkanda haukunigonga. Nilianguka kwa ugonjwa, ndipo mkanda ukaruka. Nikautaja ugonjwa kwa jina lake. Nikasema nilianza kuvuta sigara ili nipate kupumzika, kwa hiyo anayetaka dakika kumi amwombe meneja hapahapa mbele ya watu, na meneja ampe bila kumpa na kiberiti. Nikasema anayeharisha wiki tatu na kukonda asiende duka la dawa kwa mara ya nne, aende hospitali, na akiulizwa habari za kwao aseme yote, hata yale ambayo watu waliyaita uchawi. Nikasema nani alilipia ukimya wangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Meneja aliangalia karatasi yake kama imebadilika maandishi. Masunga, naye mvi tupu sasa, alisema kwa sauti, "Miaka yote nimekutolea kofia bure." Nikamwambia ni kweli. Tukanywa soda.

Kabula hakuja kwenye sherehe. Nilipofika nyumbani alikuwa jikoni, habari zimeshamfikia kwa simu.

"Nasikia umesema."

"Nimesema."

"Walipiga makofi?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema.

Mama yake na wengine walikuwa wanakula ugali na maharage sebuleni, wanacheka. Kwetu sisi wawili maharage hayapiti. Kabula aliepua sufuria ndogo ya wali laini na samaki wa kuchemsha, aliyechambuliwa miiba yote, akaushikilia ule mfuko wa ubavuni vizuri kwa kiganja ili akae, akagawa kwenye sahani mbili. Hajanisamehe, na sijathubutu kumwomba. Anapika sufuria moja kwa sababu chakula chetu ni kimoja. Alinisogezea sahani yangu bila kuniangalia, nikaipokea, tukala.